Kipara, na Dawa za Kuoteshea Nywele



Katika darasa la kipaimara la usharika wetu ilifika zamu ya kusoma habari za nabii Elisha, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2. Kijana mmoja alisimama akasoma kwa sauti kubwa. Alipofika mahali pale ambapo vijana wa Betheli walitoka mjini wakamdhihaki nabii kwa ajili ya kipara chake, alinyamaza kidogo, akanitazama kichwani, kisha akauinamisha uso wake kitabuni. Na darasa zima likaangua kicheko. Maana mimi niwafundishaye nina kipara tangu nilipokuwa na umri wa miaka 30, na jua la saa nne liingiapo dirishani hung'aa juu yake.

Nilicheka pamoja nao. Mtu aliyezoea kuchekwa hujifunza kutangulia kucheka, ili kicheko kipite upesi. Mmoja wao akaikumbuka mithali yetu, kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akauliza, je, za mwalimu ziko wapi? Nikajibu kwamba zangu zimeingia ndani ili zisilowe na mvua. Basi tukaendelea na somo, nami nikadhani ya kuwa neno lile limekwisha.

Lakini halikwisha. Katika benchi la nyuma aliketi msichana wa miaka 14, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akija amejifunga kitambaa kichwani. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata hakuja darasani, wala ya pili yake, wala ya tatu. Nikaenda kwao kuuliza habari zake. Mamaye alinikaribisha, akanipa kiti, na baada ya salamu akamwita mtoto, akamfungua kile kitambaa. Niliona mabaka matatu ya duara, laini kama kiganja cha mkono, pasipo unywele hata mmoja. Mama akasema, "Mwalimu, wewe ulidhani kicheko kile kilikuwa chako peke yako."

Nikamwambia mtoto maneno ambayo watu wote huyasema: kwamba nywele si kitu, na kwamba Mungu huutazama moyo. Akaniuliza kwa adabu, macho yake yakiwa chini, "Mwalimu, kama nywele si kitu, mbona siku za arusi huvai kichwa wazi?" Sikuwa na jibu. Maana ni kweli kwamba siku za arusi huvaa kofia. Tena kuna jambo ambalo yeye hakulijua. Nyumbani kwangu, ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda, ilikuwapo chupa ya mafuta niliyoinunua kwa siri kwa mchuuzi mmoja aliyeniahidi nywele katika siku 40. Nilijipaka miezi miwili, nisipate kitu ila kuwashwa. Hivyo nilikuwa nikimfundisha mtoto wa watu neno ambalo mimi mwenyewe sikuliamini.

Kwa sababu hiyo nimeandika haya. Nataka tuulizane pamoja: je, yampasa Mkristo kuona haya kwa ajili ya kipara? Na akitafuta dawa ya kuotesha nywele, je, atenda jambo la halali, au ni ubatili na kunung'unikia kazi ya Muumba?

Kwanza yafaa tujue kipara ni kitu gani, kwa kuwa watu hucheka na kuogopa zaidi yale wasiyoyajua. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi. Kisha hupumzika kama miezi mitatu, ukaanguka, na shina lake likatoa mwingine. Hivyo kila siku mtu mzima wa afya huangusha nywele 50 hata 100, wala hajui. Kipara hutokea pale ambapo shina halirudishi tena kama lilivyopokea.

Sababu zake ni nyingi, tena hazifanani. Kipara changu ni kile cha wanaume wengi, kianziacho kwenye paji na utosini. Hippokrate, mganga wa Wayunani wa kale, alikwisha kuona kwamba matowashi hawapati kipara. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alieleza sababu: ile homoni ya kiume, nguvu itiwayo katika damu ambayo humfanya kijana aote ndevu, hiyo hiyo huyanyausha mashina ya nywele za utosini kwa mtu aliyeurithi mwelekeo huo. Hurithiwa kwa baba na kwa mama pia. Haiji kwa kubeba mizigo kichwani, wala kwa kufikiri sana, wala kwa kuvaa kofia, wala kwa laana ya mtu. Katika wanaume wa asili ya Ulaya karibu nusu huwa nacho kwa kiasi fulani wafikapo miaka 50. Katika Waafrika si wengi hivyo, lakini wapo, na mimi ni mmoja wao.

Mabaka ya yule msichana ni jambo jingine. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Mara nyingine askari hao hukosea, wakayashambulia mashina ya nywele kana kwamba ni adui. Nywele huanguka kwa duara, na ngozi hubaki laini. Huu si uchawi, wala hauambukizi. Kwa wengi nywele hurudi zenyewe kabla ya mwaka kwisha, ingawa huweza kuanguka tena. Kwa wengine hazirudi.

Tena yako mapunye ya watoto, yaletwayo na kuvu; hayo huambukiza, na kwa kawaida hayaponi kwa kupaka tu, bali mtoto hupewa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa. Tena yako madhara ya kusuka kwa kukaza mno, yanayowapata wanawake na watoto wa kike wengi: nywele za pembeni mwa uso hurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Wakilegeza mapema huota tena. Wakichelewa, ngozi hufanya kovu, na kovu halioti kitu. Wako pia ndugu zetu wanaotibiwa saratani, ambao dawa huwaondolea nywele kwa muda, na mara nyingi huwarudia matibabu yaishapo.

Basi aonaye kichwa kisicho na nywele, akisema moyoni mwake kwamba anaijua sababu, hunena asilolijua.

Sasa tuangalie habari za dawa. Hamu hii si ya leo. Katika maandiko ya waganga wa Misri ya kale, yaliyoandikwa yapata miaka 1550 kabla ya Kristo, imo dawa ya kipara iliyochanganywa kwa mafuta ya simba, kiboko na mamba. Juliasi Kaisari, aliyeshinda mataifa mengi, alihuzunishwa na kipara chake, hata akafurahia kuruhusiwa kuvaa taji la majani kila wakati, kama wasemavyo walioandika maisha yake. Kwa zaidi ya miaka 3,000 watu walipaka mafuta, na mafuta hayakuwasikia.

Katika siku zetu zimepatikana dawa chache zenye kazi ya kweli, na nyingine ziligunduliwa kwa bahati. Minoksidili ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Wagonjwa walioimeza walianza kuota nywele mahali wasipozitarajia. Ndipo wataalamu wakaigeuza kuwa dawa ya kupaka, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1988 kwa wanaume, na mwaka 1991 kwa wanawake. Ya pili ni finasteridi, kidonge kilichoruhusiwa mwaka 1992 kwa ajili ya ugonjwa wa tezi dume, na mwaka 1997 kwa kiasi kidogo zaidi kwa ajili ya kipara cha wanaume. Wako na wataalamu wachukuao nywele za kisogoni na kuzipandikiza utosini. Kazi hiyo ilianza kwa njia ndogo huko Japani, ambako Shoji Okuda aliandika habari zake mwaka 1939, na daktari Norman Orentreich wa New York akaiendeleza tangu mwaka 1952. Hata kwa mabaka kama ya yule msichana, mwaka 2022 Marekani iliruhusu kidonge cha kwanza, barisitinibu, kwa watu wazima walio na ugonjwa mzito. Na mwaka 2023 kingine kwa walio na miaka 12 na zaidi.

Lakini kila moja ina mpaka wake, nao wauzaji wengi hawausemi. Minoksidili ni kama moto wa jikoni: ukiacha kutia kuni, huzimika. Apakaye hupaka siku zote za maisha yake, na akiacha, zile nywele alizozipata huanguka katika miezi michache. Finasteridi haimfai mwanamke mwenye mimba hata kuishika ikiwa imevunjika, maana yaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na wanaume wengine huipunguza kwayo tamaa ya ndoa. Mwaka 2025 wasimamizi wa madawa wa Ulaya walithibitisha kwamba kidonge hiki huweza kuwaletea watu wengine mawazo ya kujiua. Kupandikiza hakuumbi nywele mpya. Huzihamisha tu zilizopo, kwa gharama kubwa. Na vile vidonge vya mabaka huwapunguzia nguvu wale askari wa mwili, hata ugonjwa kama kifua kikuu ukapata nafasi. Havimezwi pasipo daktari wa kumwangalia mgonjwa.

Tukiisha kujua hayo, turudi kwenye swali letu. Wako ndugu wasemao kwamba kutafuta nywele ni dhambi, kwa kuwa Mungu ndiye aliyezihesabu nywele zetu zote, naye akiziondoa nani amrudishie? Mimi nawaheshimu ndugu hao. Lakini nawauliza kama wao wenyewe hawaendi kwa kinyozi. Je, mzee avaaye miwani hunung'unikia macho aliyopewa? Na bibi aliyetiwa meno ya bandia je? Mwana wa Adamu hakukatazwa kuutunza mwili wake wala kuutengeneza uharibikapo. Bwana wetu aliposema kwamba nywele zetu zimehesabiwa, alisema ili wanafunzi wasiogope. Hakusema ili mtu ahukumiwe kwa ile inayopungua katika hesabu.

Wako wengine wasemao kwamba ni neno dogo, si la kunenwa kanisani, maana wako wenye njaa. Ni kweli wako. Lakini mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alizitaja nywele za mwanamke kuwa utukufu wake. Basi msichana apotezaye utukufu huo, nani atamwambia kwamba hakupoteza kitu? Mtu mwenye huzuni ndogo hatulizwi kwa kutajiwa huzuni kubwa ya jirani.

Waalimu wa Kanisa letu tangu zamani wametufundisha kwamba yako mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, na katika hayo dhamiri ya Mkristo ina uhuru. Mimi naona kwamba dawa ya nywele ni mojawapo. Aitumiaye asimdharau asiyeitumia, na asiyeitumia asimhukumu aitumiaye. Walakini uhuru wa Mkristo hukaa ndani ya Amri za Mungu, nasi tuliojifunza Katekisimo Ndogo ya Dr. Martin Luther tunazo taa za kutuangazia njia.

Amri ya tano hutukataza kuua, na Luther alitufundisha kwamba tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie. Mwili wangu nao si wangu wa kuuharibu. Nikijipaka kitu nisichokijua, au nikimeza kidonge nilichouziwa barabarani pasipo kumwuliza daktari, naujaribu mwili ambao Mungu alinipa. Tena amri hii ina neno kwa wanaocheka. Mwezi wa Juni mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wenye vipara wawe na hadhari, kwa sababu katika wilaya ya Milange, jimbo la Zambezia, wenzao walikuwa wameuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Sisi wa Tanzania hatuna haki ya kuwanyoshea kidole, maana hapa kwetu ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa imani ya namna iyo hiyo. Sisemi kwamba kijana achekaye darasani ni mwuaji. Nasema kwamba wote wawili wameanza mahali pamoja, yaani kumtazama mtu wasione mtu, ila kichwa chake au ngozi yake.

Amri ya saba hutukataza kuiba. Na Katekisimo hutuonyesha kwamba kuchukua mali ya jirani kwa bidhaa za hila ni wizi vilevile. Chupa isiyoandikwa kilichomo, iuzwayo kwa ahadi ya siku 40, ni bidhaa ya hila, hata kama muuzaji huwasalimu watu kwa jina la Bwana. Yule mama alikuwa amekwisha kuuza kuku watatu, tena amekopa katika kikundi cha akina mama, apate mafuta ya kumpaka mtoto. Aliponieleza hayo nilimkumbuka tena Elisha. Maana katika sura ya 4 ya kitabu kile kile twasoma habari za mjane aliyemlilia nabii kwa sababu ya deni. Naye akaambiwa amimine mafuta yake katika vyombo, ayauze, alipe, yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyosalia. Mjane yule aliuza mafuta akatoka katika deni. Mama huyu alinunua mafuta akaingia katika deni. Mwenye kipara wa Biblia aliwafungua maskini, na wauza dawa wa siku zetu huwafunga.

Tena amri hiyo hutuuliza juu ya mali ya nyumba yetu. Mtu mwenye fedha akilipia dawa ya kweli, simlaumu. Lakini baba atakayekwenda mji wa mbali kupandikizwa nywele, na huku ada ya shule haijalipwa, huwatoza watoto wake gharama ya kichwa chake.

Amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo, na hapa sisi sote tumeshitakiwa. Kila tusemapo kwamba fulani amekuwa na kipara kwa sababu ya uasherati, au kwamba msichana yule amerogwa, au kwamba mama yule mgonjwa ameambukizwa jambo la aibu, twashuhudia tusiyoyaona. Katika Torati, kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani aliagizwa kuwatazama watu wenye magonjwa ya ngozi. Na juu ya mtu aliyeanguka nywele akaambiwa aseme kwamba ni mtu safi. Tazameni jambo hili. Mungu aliona mbele kwamba watu watamnong'ona mwenye kipara, akaweka katika sheria yake neno la kumtetea.

Kwa hiyo hivi ndivyo nionavyo. Swali la dawa ni la mtu mwenyewe, pamoja na daktari wake na mfuko wake na dhamiri yake. Lakini swali la haya si lake peke yake. Haya haimwoti mtu kichwani; hupandwa na macho ya wengine. Mara nyingi mtu hununua dawa apate kutembea barabarani pasipo kutazamwa, na nywele zenyewe huzitaka kwa sababu hiyo tu. Tukimwachia mchuuzi kazi ya kumwondolea mtu haya, tusishangae akiitoza fedha. Kazi hiyo ilikuwa ya usharika, nayo haina bei.

Nanyi waalimu wenzangu, msiwatishie watoto kwa wale dubu wawili wa Betheli, kana kwamba Mungu hutuma wanyama kila mwalimu achekwapo. Wasomeeni watoto habari za Elisha mpaka mwisho: jinsi alivyomrudishia mwanamke wa Shunemu mwanawe, na jinsi Naamani wa Shamu alivyopona ukoma kwa neno lake. Hatusomi mahali po pote kwamba aliomba nywele, wala kwamba alikatazwa kuziomba. Na mtoto akija amefunika kichwa, msimwambie aondoe kitambaa mbele ya wenzake, wala msikisie ugonjwa wake. Mpelekeni kwa mganga wa zahanati, maana ikiwa ni mapunye, dawa ipo, na kuchelewa huwaambukiza wengine. Nao wenye kucheka, wakumbusheni ile mithali: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Yule msichana alipelekwa zahanati, na kutoka huko hadi Moshi, penye hospitali ya KCMC na chuo chake cha magonjwa ya ngozi. Daktari akahakikisha kwamba si mapunye, akampa dawa ya kupaka, akawaambia kweli tupu: kwamba nywele zaweza kurudi, tena zaweza zisirudi. Mama aliniambia kwamba neno hilo lilimtuliza kuliko ahadi zote alizonunua, kwa sababu mtu alimwambia ukweli wala hakumwuzia kitu.

Lakini bado hakurudi darasani. Nilipokwenda mara ya pili ndipo alipofunua lililomzuia. Kicheko alikuwa amekwisha kukisahau; aliogopa siku ya kipaimara yenyewe, kwamba mchungaji ataweka mkono juu ya kichwa chake mbele ya watu wote, na mkono utayaona yale mabaka hata kwa juu ya kitambaa. Nikampelekea mchungaji habari hiyo. Akaja mwenyewe, akaketi naye, akasema, "Mwanangu, mkono wangu haujakwenda kichwani mwa mtu hata siku moja kutafuta nywele. Siku uliyobatizwa nilimimina maji juu ya kichwa hiki, nawe ulikuwa na nywele chache kuliko leo."

Akarudi. Kijana yule aliyesoma sura ya 2 alimwomba radhi bila kuambiwa na mtu, nasi tukakisoma kitabu tena, safari hii hata sura ya 5. Siku ya kipaimara alipiga magoti na wenzake, amejifunga kitambaa cheupe. Baka moja lilikuwa limeanza kuota nywele fupi nyeupe kama za bibi yake, na jingine jipya lilikuwa limetokea nyuma ya sikio. Mimi niliyekuwa nimesimama karibu nilikumbuka neno la Bwana wetu katika mahubiri ya mlimani, kwamba hakuna awezaye kuufanya unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi. Mchungaji akaweka mkono wake, akamwombea kama alivyowaombea wengine, wala hakuuondoa upesi.

Chupa yangu nimeimwaga. Sikuimwaga kwa sababu kutafuta nywele ni dhambi, ila kwa sababu sikujua kilichomo, na aliyeniuzia hakujua pia. Nilimwuliza daktari juu ya dawa ya kweli, akanieleza vema. Nikahesabu gharama ya kila mwezi hata mwisho wa maisha yangu, nikaona kwamba ada ya mwanangu inatangulia. Mwingine akihesabu akaona vingine, simhukumu. Na katika arusi iliyofuata nilikwenda kichwa wazi. Msichana aliniona kutoka upande wa akina mama, akatabasamu.

Mungu Baba, aliyetupa mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote, atupe moyo wa shukrani kwa vile vilivyosalia, busara katika kuvitunza, na ulimi usiomwaibisha jirani. Amina.